Meza ya Bibi wa Nyumba

Jumapili moja ya mwezi wa tano, sahani ya meza iliyo karibu na mlango wa jikoni ilirudi imepanguswa kwa mkate.

Sossio ndiye aliyeileta. Alikuwa mhudumu wa meza katika mkahawa wa akina Cacciapuoti kwa miaka thelathini na minane, na katika miaka yote hiyo mdomo wake haukuwahi kuchukua likizo. Siku hiyo aliiweka sahani juu ya marumaru ya jikoni mbele ya Fortuna, mpishi na mwenye mkahawa, akajifuta vidole kwenye aproni, asiseme kitu.

"Nani kala?" Fortuna aliuliza.

"Mimi ndiye nakuuliza wewe, Bi Fortuna."

"Sossio, nina meza kumi na moja zinangoja tambi. Usinianze."

"Haki ya mama yangu kaburini. Nimeipeleka imejaa. Nikageuka kuwafungulia chupa wale wa Salerno, kurudi hivi, mambo ndiyo hayo. Tazama mwenyewe."

Fortuna akatazama. Sahani ilikuwa nyeupe pee. Haikuwa kazi ya paka, maana paka huacha alama za ovyo. Mtu alikuwa amechukua kipande cha mkate akakizungusha toka ukingoni hadi katikati, taratibu, duara baada ya duara, vile mtoto aliyelelewa vizuri anavyopangusa rojo kwa bibi yake kumwonyesha kwamba chakula kimempendeza.

Tatizo ni kwamba meza ile haikuwa ya mgeni. Miaka sabini na mmoja ilikuwa imepita tangu bibi yake Fortuna, marehemu Restituta, alipofungua mlango ule katika mtaa wa Stella, na kila siku ya kazi tangu hapo sahani ya kwanza ya rojo la nyama na nyanya ilipelekwa pale kabla mteja yeyote hajaonja, pamoja na bilauri ya divai na mkate uliolazwa uso juu. Hakuna aliyeketi. Mchana ukiisha sahani ilirudi vilevile ilivyokwenda, mafuta yameganda juu, naye Sossio akawamwagia paka. Ilikuwa sahani ya Bibi wa Nyumba.

Napoli kila nyumba ina mwenyewe asiyeonekana. Wenyeji humwita bella mbriana, na ukiwauliza kama ni jini au malaika watakwambia ushike adabu yako. Hutosheka na harufu ya chakula na salamu ya asubuhi. Sharti lake ni moja tu: usizungumzie kuondoka ukiwa ndani ya kuta zake. Kuhama, kuuza, hata kubomoa ukuta, hayo huzungumzwa nje. Baba yake Fortuna alipotaka kubomoa ukuta aingize tanuri jipya, maneno yote aliyasemea kwa kinyozi, na shangazi zake wawili walichumbiwa kwenye ngazi za kanisa, kwa sababu binti akiolewa naye anahama. Watu walicheka, lakini walitoka nje.

"Atakuwa mtalii," Fortuna alisema. "Wale huketi popote wanapoona kiti."

"Mtalii apanguse sahani hivi? Hawa walioniomba kisu jana cha kukatia tambi?"

Fortuna aliiosha sahani ile kwa mikono yake, mara mbili, kisha akapakua tambi za meza kumi na moja.

Jumanne ikarudi hivyohivyo. Jumatano na bilauri nayo ilikuwa tupu, na ukingoni mwake pana ukungu mdogo wa pumzi. Alhamisi mkate wote wa kikapuni ulikwisha, na Sossio akaanza kuipeleka sahani ile huku amegeuza uso, anaitua kwa kupapasa kama kipofu, halafu anarudi jikoni mbio. Mjusi aliyekaa nyuma ya saa ya ukutani, ambaye hakuna aliyethubutu kumgusa kwa kuwa mjusi ni mnyama wa Bibi, hakuonekana tena. Fortuna alimtafuta kwa siku tatu, akijiambia kuwa anafuta vumbi.

Kisha wageni wakaacha kushiba.

Wa kwanza alikuwa mzee Carraturo, mwalimu mstaafu, mjane, aliyekula pale kila Jumatano: tambi kwa maharage, sahani moja, akimaliza hujipiga tumbo kofi na kumwambia Sossio kuwa sasa anaweza kufa. Jumatano ya wiki iliyofuata hakujipiga tumbo. Aliagiza sahani ya pili, na ya tatu, na alipoagiza ya nne Sossio akaenda kumwita Fortuna.

"Fortuna, binti yangu," mwalimu alisema kwa sauti ya chini, "umepunguza nini?"

"Sijapunguza kitu, mwalimu. Mkono ni uleule."

"Nakula. Naona kabisa kwamba nakula. Lakini hakifiki." Machozi yalikuwa yakimtiririka na huku anaendelea kutafuna. "Naona haya. Niletee nyingine."

Hapo ndipo Fortuna alipoinua macho akautazama ukumbi. Mchana mkahawa ule ulikuwa kelele tupu, watu wakigombana kuhusu mpira, wakiitana meza hadi meza, wakimtukana Sossio naye akiwarudishia. Sasa hapakuwa na sauti ila ya uma zikigusa sahani. Vichwa vyote vilikuwa vimeinama. Mama mmoja alikuwa ameivuta sahani ya mwanawe akaimaliza, na mtoto hakulia, maana alikuwa akiokota makombo kwenye kitambaa cha meza moja moja na kuyatia kinywani, macho yamemtoka, na babake aliyekaa kando alikuwa akiyatazama makombo yaleyale.

Njaa mwana malegeza, wahenga walisema, lakini njaa ya tumbo lililojaa hawakuisemea.

Fortuna hakulala vizuri wiki hiyo. Hata hivyo alichokuwa akikiogopa bado hakukitamka, mpaka alipoona mshipi wa mwanawe.

Aniello alikuwa mtoto wake wa pekee, mwenye miaka thelathini na minne, mcheshi, tumbo kubwa la mpishi, mashavu ya kufinywa. Alisimama pale jikoni akikanda unga, na Fortuna akaona kuwa mshipi wake umetobolewa tundu jipya kwa msumari, na baada ya hilo jingine, na jingine, na ncha ya mshipi imening'inia hadi pajani. Chini ya shati mabega yalikuwa yamechongoka. Shavuni mwake kulikuwa na kitu kinachocheza. Alikuwa akila unga mbichi.

Debora, mkewe, alikuwa na mimba ya miezi minne. Alimvuta Fortuna kando, akamnong'oneza: "Mama, leo asubuhi amemaliza mkate wa kilo mbili hapohapo aliposimama. Halafu akaniuliza chai iko wapi. Daktari anasema vipimo vyote safi. Mama, jana nimemkumbatia, nimehesabu mbavu."

Fortuna alimkamata mwanawe mkono, akamtoa nje na unga wake mikononi, akampandisha kichochoro mpaka ngazi za kanisa. Hapo ndipo walipozungumza wakati wa Kwaresima, wao wawili, wakakubaliana kuuza. Kampuni moja ilitaka kuugeuza mkahawa uwe vyumba vya kulaza watalii. Fortuna hakulazimishwa. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, magoti yamekwisha kwa kusimama, na alipokuwa peke yake alijipa raha ya kuiona nyumba ndogo kule Bergamo, kaskazini ya mbali, kwa akina Debora, yeye ameketi dirishani na mjukuu mapajani, na mtu mwingine yuko jikoni. Alikuwa ameitamani siku hiyo kuliko alivyowahi kutamani kitu. Na walikuwa wameapa: ndani ya nyumba, kimya, hadi siku ya kukabidhi funguo.

"Ulisema wapi?" alimwuliza.

"Nilisema nini?"

"Anié, usinitanie. Ulisemea wapi?"

Aniello akatazama viatu vyake. "Jamaa wa kampuni alipiga simu. Mikono yangu ilikuwa ndani ya unga, mama. Nikaiweka simu juu ya marumaru, sauti ikasikika jiko zima."

"Jikoni."

"Jikoni. Dakika moja tu. Akauliza kama tumeamua, nikasema ndiyo, mwezi wa tisa tunatoka wote. Akauliza..." Akalamba unga kwenye kidole chake bila kujijua. "Akauliza kama kuna mtu anayekaa humo ndani, maana wanataka nyumba tupu, wasije wakagombana na mtu. Nikamwambia hakuna."

"Ulisemaje hasa?"

"Nilisema, 'Hakuna mtu. Hajawahi kukaa mtu.'"

Fortuna akaketi kwenye ngazi. Alitaka kumzaba kofi na alitaka kumpakata, na hakufanya lolote kati ya hayo.

"Lakini sahani inaendelea kupelekwa!" Aniello alisema. "Hata siku hiyo ilipelekwa!"

"Ukimwambia mtu usoni kwake kuwa si mtu, halafu ukampa chakula, umempa nini?"

Siku hiyohiyo Aniello aliwapigia kampuni, akiwa ndani, kwa sauti kubwa, akafuta kila kitu. Kesho yake mshipi ulihitaji tundu jingine.

Kuna saa huko Napoli ambayo wazee huiita kontrora. Ni baada ya chakula cha mchana, jua likiwa limesimama, vizuizi vya madirisha vimeshushwa, mtaa mzima umelala, na hata mbwa hapiti. Majini ya kwetu hupenda giza, lakini ya kule hupenda saa hiyo nyeupe. Fortuna hakuwahi kukaa mkahawani wakati wa kontrora. Alhamisi alimpa Sossio ruhusa, akafunga mlango wa nje, akapeleka sahani mwenyewe, akaketi kwenye kiti cha pembeni kuitazama.

Kwanza ilikuja harufu. Ilikuwa harufu ya nguo iliyofuliwa kwa majivu na kutiwa wanga, harufu safi aliyoikumbuka kwenye mashuka ya marehemu bibi yake, na chini yake ikafuata nyingine, ya kinywa cha mtu aliyefunga siku nyingi. Kiti cha meza ile kikasogea. Hakikuburuzwa, kiliinuliwa kidogo na kuwekwa, kwa adabu. Kitambaa cha meza kikabonyea mahali pawili, palepale ambapo mtu angeweka viwiko, naye Fortuna akabaki kutazama jinsi rojo lile jekundu lilivyoanza kupungua kutoka ukingoni, duara moja, likasimama, duara jingine, likasimama, kwa sauti ndogo ya mkate mkavu ukikwaruza udongo wa sahani, krrr, krrr, na juu, katika chumba cha ghorofani alikolala mwanawe, kwa kila mkwaruzo mmoja kulikuwa na mguno mmoja, na kati ya miguno sauti ya meno yanayosagana pasipo kitu, yanatafuna, yanatafuna hewa, mpaka Fortuna akafahamu kuwa kinacholiwa pale chini si rojo, kwamba rojo ni kitoweo tu, na mkate wenyewe uko kitandani juu ukiitwa Aniello, na alipofahamu hivyo mkwaruzo ukakoma, viwiko vikageuka kwenye kitambaa, na akajua kwamba anatazamwa.

Alitoka kwa mlango wa nyuma akiwa peku.

Bibi Vicenza aliuza supu ya pweza kwenye kona ya kichochoro, na mtaa wote ulijua kuwa ndiye pia anayewaondolea watu husuda, yaani jicho baya. Alikuwa na miaka themanini na tano na kibiongo, na alikuwa ameshatukanana na kila padri aliyepita parokia ile. Alimsikiliza Fortuna huku akikatakata pweza, akafunika sufuria, akaja.

Ndani ya mkahawa hakusalimu. Aliweka sahani ya maji juu ya meza ile, akanong'ona maneno yake ya siri, akadondosha mafuta ya zeituni kwa kidole, tone la kwanza, la pili, la tatu. Husuda ikiwepo tone hutawanyika. Isipokuwepo hubaki duara. Bibi Vicenza aliinama atazame, akakaa ameinama kwa muda mrefu.

"Ni nini?" Fortuna alinong'ona.

Bibi Vicenza akainua sahani, akaigeuza juu chini. Halikudondoka tone. Ilikuwa kavu, na imepanguswa.

Kikongwe yule alitoka nje kwa mwendo ambao Fortuna hakujua kuwa bado anao, na hakufungua mdomo hadi walipofika kwenye sufuria yake.

"Mfukuze," Fortuna alimwambia. "Nakupa chochote. Mfukuze."

"Nimfukuze nani? Yule ndiye mwenyewe. Wewe na babako na bibi yako mlikuwa wapangaji." Alikohoa. "Miaka sabini alikuwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba hali mezani kwa watu, ananusa tu akaridhika. Mwanao amemwambia si mtu. Basi amekuwa mgeni, binti yangu, na mgeni anakula. Ameanza na sahani, akaingia kwa wateja, sasa yuko kwa aliyesema."

"Amelirudisha neno lake. Amewapigia tena hukohuko jikoni."

"Maji yakimwagika hayazoleki. Neno lile lilisema nyumba haina mtu. Anataka aone mtu. Wa damu yenu aketi mbele yake, ale naye, amwambie kuwa habanduki. Na asibanduke. Mpaka jeneza."

"Aniello?"

"Akisema Aniello, atabaki Aniello. Na mkewe. Na huyo aliye tumboni atazaliwa humo, na hakuna atakayetoka." Bibi Vicenza alimtazama usoni. "Unajua vizuri nani mwingine anaweza kusema."

Fortuna alijua. Akaiona ile nyumba ya Bergamo, dirisha, kiti. Hakuwa mtakatifu, kwa muda wa pumzi mbili tatu moyo wake ulimchukia mwanawe. Halafu akakumbuka meno yale yanayosaga hewa.

"Nikivuka kizingiti?"

"Hutaumwa wewe. Ataumwa Aniello, popote alipo. Na asiambiwe kamwe. Unamjua mwanao. Akijua bei aliyokombolewa kwayo atakuja akubebe mgongoni akutoe, na atafia mlangoni nawe mgongoni."

"Niapie hutamwambia."

"Nimezika siri nyingi kuliko padri," Bibi Vicenza alisema, akampa kikombe cha supu, kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kumpa.

Jumapili, kabla ya kufungua, Fortuna alitandika kitambaa kipya na kuweka sahani mbili. Alikuwa ameliweka rojo motoni tangu jana yake asubuhi, moto mdogo kabisa, likatokota kwa taratibu yake mpaka mafuta yakajitenga, kama alivyofundishwa na Restituta. Alipakua ya mwenyeji kwanza. Akaketi mkabala na kiti kitupu, akafunga mikono mapajani.

Kiti kikasogea. Harufu ya majivu na wanga ikamjia usoni, na ile nyingine ya kufunga.

Fortuna akala tonge la kwanza. Halikuwa na ladha. Lilikuwa kitambaa kilicholowa. La pili hivyohivyo. Mbele yake rojo lilikuwa linapungua kwa pupa sasa, bila duara, bila adabu, na juu ghorofani Aniello akalia kwa sauti ya mtoto mdogo, "Mama!"

"Mimi ni Fortuna," alisema, na sauti yake ilikuwa nyembamba. "Binti wa Catello, mjukuu wa Restituta. Mwanangu amekosea. Nyumba hii ina mtu. Ina wewe. Na mimi nimo." Akanywa divai. "Sitoki humu. Sihami, siuzi, siendi kukaa kwa mtu. Nikitoka nitoke nimebebwa. Nimesema nikiwa ndani, na wewe umesikia."

Sahani ile ikatulia. Jikoni rojo lilisikika, puku, puku. Halafu mkate uliokuwa kati yao ukamegeka wenyewe, na nusu yake ikasukumwa pole pole juu ya kitambaa mpaka ikagusa mkono wa Fortuna.

Akaila. Ilikuwa na ladha ya mkate.

Ngazi zikagongwa na miguu. Aniello alitokea mlangoni, mifupa mitupu ndani ya shati la kulalia, jasho linamtoka, macho yamemkaa sawa kwa mara ya kwanza baada ya wiki nne. "Mama," alisema, akijishika tumbo kwa mshangao, "nimeshiba." Kisha akaziona sahani mbili. "Unakula na nani?"

"Nenda kalale," Fortuna alimwambia. "Nitakuletea supu."

Mwalimu Carraturo alirudi Jumatano, akala sahani moja, akajipiga tumbo. Sossio alipata tena mdomo wake na akaanza kuutumia kwa fidia. Sahani ya meza ile ilirudi jikoni imejaa, mafuta yameganda, na paka wakapata haki yao. Mtu asiyejua angesema yamekwisha.

Mwezi wa tisa Aniello na Debora waliondoka kwenda Bergamo. Aniello alikuwa amepata kazi katika jiko la kiwanda. Waligombana mlangoni, yeye nje na masanduku, mamake ndani.

"Ulisema mwenyewe umechoka! Ulisema magoti—"

"Nyamaza!"

"Mkahawa unaupenda kuliko sisi, si ndivyo? Sema tu!"

Fortuna alimbusu akiwa amesimama ndani ya kizingiti, amejinyoosha kwa mbele kama mtu anayeteka maji kisimani, asivuke. Aniello aliona kiburi. Alikwenda bila kugeuka nyuma.

Mara moja tu Fortuna alijaribu kutoka. Ilikuwa mwezi wa kumi, kumenyesha, kichochoro kinanukia vizuri, akajiambia labda kikongwe yule anatia chumvi. Akatoa mguu mmoja, akatoa wa pili. Akatembea hatua nne hadi kwenye duka la vifungo. Simu ilipolia mfukoni alikuwa bado anatazama vifungo, na sauti ya Debora ilikuwa inapiga kelele kwamba Aniello ameanguka kazini, ameanguka tu, ameng'ang'ania ulimi wake mwenyewe anautafuna, hawawezi kumfungua taya. Fortuna alirudi ndani kwa magoti yale mabovu akikimbia, akaanguka sakafuni, na huko Bergamo taya zikafunguka. Aniello alishonwa nyuzi sita ulimini. Hata sasa kuna herufi hawezi kuzitamka sawasawa.

Mtoto alizaliwa mwezi wa kumi na moja. Wiki mbili kabla ya ubatizo Aniello akapiga simu, mchana, wateja wameshaondoka, Sossio amekwenda zake. Fortuna alikuwa peke yake jikoni akisugua sufuria.

"Mama," alisema, kwa ulimi wake ule mpya mzito. "Yale ya mlangoni tuyaache. Nimeshakukatia tiketi ya treni. Debora amekutandikia chumba. Na mtoto..." Akacheka kidogo, kwa haya. "Tumempa jina lako. Anaitwa Fortuna. Ana kidevu chako, maskini ya Mungu."

Fortuna aliibana simu sikioni. Katika simu alimsikia mtoto akinung'unika karibu kabisa, wamemwekea simu mdomoni bila shaka, pumzi fupi fupi za mtoto aliyetoka kunyonya. Akafungua kinywa. Alikuwa na neno moja tu kinywani, nalo lilikuwa "nakuja."

Nyuma yake, jikoni palepale, ikaja harufu ya majivu na wanga. Mtu alikuwa amesimama kwa karibu mno, ameinamisha sikio.

"Mama? Upo? Hutaki kumwona mjukuu wako?"

"Sitaki," Fortuna alisema.

"Hutaki nini?"

"Sitaki kuja. Sina haja. Nina kazi hapa, Anié, nina watu wa kulisha. Mbatizeni nyinyi." Aliyasema yote kwa sauti ya kawaida, kama anayemtajia mtu bei ya samaki, na machozi yalikuwa yanamdondokea ndani ya sufuria.

Mtoto akaondolewa simuni.

"Basi, mama," Aniello alisema mwishowe. "Sitakusumbua tena."

Simu ikakatika. Fortuna alibaki ameishika. Hakulia kwa sauti, maana hata kilio kina maneno yake. Akasikia pumzi ikishuka shingoni mwake, imetulia, imeridhika. Halafu vidole viwili baridi vikaikamata kamba ya aproni yake iliyokuwa imelegea kiunoni, vikaikaza, vikapiga fundo, na juu ya fundo hilo, bila haraka, vikapiga jingine.